Ukaribu na Umbali: Maisha na Uhifadhi wa Gorila wa Milimani Kusini-Magharibi mwa Uganda

Ikisiri

Makala haya yanafafanua maisha ya gorila wa milimani na namna anavyohifadhiwa katika Hifadhi za Taifa za Bwindi na Mgahinga, kusini-magharibi mwa Uganda. Hoja kuu ni kwamba mnyama huyu hakunusurika kwa kutengwa kabisa na binadamu, bali kwa ukaribu uliopangwa na kupimwa: kuzoeshwa, kufuatiliwa kila siku, kutibiwa, na kutembelewa na watalii wanaolipa. Hata hivyo, ukaribu huohuo unamletea maradhi na migogoro, na gharama yake imewaelemea zaidi wale wanaoishi jirani na msitu. Makala yanahitimisha kwamba mustakabali wa gorila utategemea namna umbali baina yake na binadamu utakavyosimamiwa, na namna manufaa ya ukaribu yatakavyogawanywa.

Maneno ya msingi: gorila wa milimani, Bwindi, uhifadhi, uzoeshaji, majirani wa hifadhi

1.0 Utangulizi

Katika Afrika Mashariki na Kati, gorila wa milimani wanaishi katika maeneo mawili tu. La kwanza ni safu ya milima ya volkano ya Virunga, inayogawanywa na Uganda, Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kwa upande wa Uganda sehemu hiyo ni Hifadhi ya Taifa ya Mgahinga, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 33.7 pekee. La pili ni msitu wa Bwindi, wenye kilomita za mraba 331, pamoja na eneo dogo la Sarambwe linalopakana nao upande wa Kongo. Baina ya maeneo haya mawili hakuna msitu unaoyaunganisha. Kuna mashamba ya viazi, maharage, migomba na chai, na vijiji vyenye watu wengi.

Sensa iliyofanyika Virunga mwaka 2015 na 2016 ilipata gorila 604, na ile ya Bwindi na Sarambwe ya mwaka 2018 ilipata 459. Jumla ni 1,063, na hao ndio gorila wote wa milimani waliohesabiwa duniani, kwa kuwa hakuna hata bustani moja ya wanyama inayowafuga kwa mafanikio. Idadi hiyo ni ndogo kuliko wanafunzi wa shule moja kubwa ya sekondari jijini Kampala. Hata hivyo, ni habari njema. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 gorila wa Virunga walikadiriwa kuwa takriban 250, na wataalamu wengi walitarajia kwamba wangetoweka kabla ya karne kwisha. Mnamo Novemba 2018, Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Asili liliwaondoa katika kundi la viumbe walio hatarini mno kutoweka na kuwaweka katika kundi la walio hatarini kutoweka. Ni hatua moja tu, lakini ni sokwe wakubwa wachache sana waliowahi kuipiga kuelekea upande huo.

Swali la makala haya ni hili: mnyama mkubwa, anayezaa polepole, aliyezungukwa na wakulima wengi na aliyepitiwa na vita vya nchi jirani, aliwezaje kuongezeka? Na je, njia iliyomwongeza inaweza kumlinda daima?

2.0 Jina na istilahi

Kabla ya kuendelea, inafaa tukubaliane kuhusu majina. Neno sokwe katika Kiswahili limebeba mzigo mkubwa. Baadhi ya wasemaji hulitumia kwa sokwe mtu wa Gombe na Kibale, wengine kwa gorila, na wengine kwa jamii yote ya nyani wakubwa wasio na mkia. Majirani wa msitu hawana utata huo: Wakiga humwita engagi, na Wafumbira na Wanyarwanda humwita ingagi. Katika makala haya, sokwe ni jina la jamii nzima, na gorila ni jina la mnyama tunayemjadili.

Kisayansi, gorila wa milimani ni spishi ndogo iitwayo Gorilla beringei beringei. Jina hilo linatokana na ofisa wa jeshi la Kijerumani, Robert von Beringe, aliyewapiga risasi gorila wawili katika mlima Sabinyo mwaka 1902. Mwaka uliofuata, mtaalamu Paul Matschie alimpa mnyama huyo jina la aliyemuua. Bila shaka Wakiga, Wafumbira na Watwa walikuwa wakimjua kwa muda mrefu kabla ya hapo.

Istilahi nyingine mbili zitajirudia. Uzoeshaji ni kazi ya kuwafanya gorila wa mwituni wavumilie kuwapo kwa binadamu bila kukimbia wala kushambulia, haimaanishi kuwafuga. Mgongo-fedha ni dume aliyekomaa, ambaye manyoya ya mgongo wake yamegeuka rangi ya fedha, jambo linaloanza kuonekana akiwa na umri wa takriban miaka 12.

3.0 Maisha ya gorila

Gorila huishi katika kundi, na kundi humzunguka mgongo-fedha. Yeye ndiye anayeamua waelekee wapi, wapumzike lini na wakabiliane vipi na hatari. Kundi la kawaida lina takriban gorila kumi: dume kiongozi, majike kadhaa, watoto wao, na pengine madume wengine wadogo kwake. Katika sensa ya Bwindi ya mwaka 2018 yalihesabiwa makundi 50, pamoja na madume 13 waliokuwa wakitembea peke yao. Dume mpweke si mgonjwa wala hajafukuzwa lazima. Aghalabu anasubiri nafasi ya kuvuta majike na kuanzisha kundi lake.

Chakula chao ni majani, mashina laini, magome na machipukizi ya mianzi. Gorila wa Bwindi, ambako msitu uko chini zaidi na una joto zaidi kuliko vilele vya Virunga, hula matunda kwa wingi na hupanda miti mara nyingi zaidi kuyafuata. Maji mengi wanayoyahitaji huyapata katika chakula chenyewe. Kila jioni kila gorila aliyeachishwa kunyonya hujitengenezea kiota cha majani na matawi, hulala humo usiku mmoja tu, na asubuhi hukiacha. Kwa mtafiti viota hivyo ni daftari: idadi yake huonyesha ukubwa wa kundi, na kinyesi kilichoachwa ndani yake hutoa vinasaba vya kumtambua kila mmoja. Ndivyo sensa za miaka ya karibuni zilivyofanyika. Usahihi wa mbinu hizo ni sababu mojawapo ya idadi ya Bwindi kupanda kutoka 302 mwaka 2006 hadi 400 mwaka 2011. Sehemu ya ongezeko hilo ilitokana na gorila waliozaliwa, na sehemu ilitokana na gorila waliokuwapo lakini hawakuwa wamehesabiwa.

Jambo la kuzingatia zaidi katika maisha yao ni mwendo wa uzazi. Jike huzaa kwa mara ya kwanza akiwa na takriban miaka 10. Mimba huchukua kama miezi minane na nusu, mtoto huwa mmoja, na hupita takriban miaka minne kabla ya kuzaliwa mwingine. Hata jike akiishi miaka 35, watoto wake huenda wasizidi sita au saba, na si wote watakaofikia utu uzima. Tukilinganisha na mbuzi au nguruwe mwitu, ambaye huweza kufidia hasara ya mwaka mmoja katika mwaka unaofuata, gorila hufidia kifo kimoja kwa miaka mingi.

Kifo cha mgongo-fedha kina uzito wa pekee. Kundi likiwa na dume mmoja tu, kifo chake huweza kulisambaratisha, na dume mgeni anayewachukua majike huweza kuwaua watoto wachanga ambao si wake. Hivyo mkuki mmoja unaompata dume mmoja unaweza kuondoa uhai wa kadhaa.

4.0 Kutoka kufunga msitu hadi kuzoesha

Utawala wa kikoloni uliitenga misitu ya Bwindi kuwa hifadhi ya msitu kuanzia mwaka 1932. Kwa miongo mingi hifadhi hiyo ilikuwa ya jina kuliko ya vitendo: watu walipasua mbao, walichimba dhahabu, waliwinda na kurina asali. Mwaka 1991 serikali ilizitangaza Bwindi na Mgahinga kuwa hifadhi za taifa, na mwaka 1994 Bwindi iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Shughuli zote za watu msituni zilipigwa marufuku.

Marufuku hiyo ilizua hasira, na ilionekana dhahiri kwamba walinzi pekee wasingeweza kuulinda msitu uliozungukwa na majirani wasioutaka. Hapo ndipo wazo la utalii wa gorila, lililokwisha kujaribiwa Rwanda, lilipoletwa Uganda. Kazi ya kuwazoesha gorila ilianza Buhoma, na mwezi Aprili 1993 watalii wa kwanza walipelekwa kuliona kundi la Mubare. Leo Bwindi ina makundi zaidi ya 20 yaliyozoeshwa.

Kuzoesha kundi huchukua kama miaka miwili au zaidi. Wafuatiliaji huwaendea gorila kila siku, hukaa mbali, huinama, huepuka kuwatazama machoni, na huvumilia mashambulizi ya kutisha ya mgongo-fedha ambayo mara nyingi huishia hatua chache mbele yao. Polepole umbali hupungua. Siku gorila wanapoendelea kula huku watu wakiwatazama, uzoeshaji umekamilika.

Faida yake si fedha pekee. Kundi linalofuatwa kila siku ni kundi linalojulikana: kila gorila ana jina, hutambuliwa kwa mikunjo ya pua yake, na akionekana anachechemea au anakohoa taarifa hufika kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 na Martha Robbins na wenzake ulichunguza kumbukumbu za Virunga za takriban miaka 40. Uligundua kwamba makundi yaliyozoeshwa yaliongezeka kwa asilimia 4.1 kwa mwaka, ilhali yale yasiyozoeshwa yalipungua kwa asilimia 0.7. Tofauti hiyo ilihusishwa na ulinzi wa kila siku na matibabu, hususan kuwanasua wanyama kutoka mitego ya waya iliyotegewa paa. Kwa maneno mengine, gorila waliokuwa karibu na watu ndio walioongezeka.

5.0 Hatari za ukaribu

Ukaribu huo hata hivyo una sumu yake. Gorila na binadamu wanafanana kwa zaidi ya asilimia 98 ya vinasaba, na kwa sababu hiyo maradhi mengi ya mmoja yanaweza kumpata mwingine. Mwaka 1996, gorila wa kundi la Katendegyere huko Bwindi waliugua upele. Manyoya yao yalinyonyoka, ngozi ikabadilika, na mtoto mmoja akafa kabla dawa haijamsaidia. Daktari Gladys Kalema-Zikusoka, aliyekuwa daktari wa kwanza wa mifugo kuajiriwa kuhudumia wanyamapori katika hifadhi za taifa za Uganda, aliwatibu waliosalia. Ilidhaniwa kwamba maambukizi yalitoka kwa majirani, pengine kupitia nguo chakavu zilizovishwa masanamu ya kutishia wanyama mashambani. Somo alilolipata ni kwamba huwezi kumponya gorila na kumwacha jirani yake akiugua. Mwaka 2003 alishiriki kuanzisha shirika linalounganisha afya ya wanyamapori na afya ya jamii, ambalo huwatumia wahudumu wa afya wa vijijini kufuatilia yote mawili. Huko Rwanda, mwaka 2009, maradhi ya njia ya hewa yaliwaua gorila wawili wa kundi la Hirwa, na virusi vya binadamu vikagunduliwa katika miili yao.

Ndiyo maana kanuni za kuwatembelea gorila ni kanuni za umbali. Kundi moja hutembelewa mara moja kwa siku, na watu wasiozidi wanane, kwa muda wa saa moja. Mwenye umri chini ya miaka 15 haruhusiwi, wala mwenye kikohozi au mafua. Umbali wa chini uliwekwa kuwa mita saba, na baada ya janga la UVIKO-19 ukaongezwa hadi mita 10, pamoja na sharti la kuvaa barakoa. Kanuni hizi huvunjwa mara kwa mara, wakati mwingine na mtalii anayetaka picha, wakati mwingine na gorila mwenyewe, kwa kuwa gorila mtoto mwenye udadisi hajui mita 10 ni nini. Wajibu wa kurudi nyuma ni wa binadamu.

Tatizo hili si la Uganda peke yake. Huko Marekani, dubu aina ya grizzly katika eneo la Yellowstone alizoea kula kwenye majalala ya hoteli, na watu walikwenda kumtazama hapo kama tamasha. Majalala yalipofungwa, dubu wengi waliozoea taka waliingia makambini, wakauawa. Kufikia mwaka 1975, dubu wa eneo hilo walikadiriwa kuwa 136 tu, wakawekwa chini ya ulinzi wa sheria. Leo wako takriban elfu moja, na mgeni hutakiwa kukaa umbali wa mita zipatazo 90 kutoka kwa dubu. Dubu naye huzaa polepole. Tofauti ni kwamba kwa dubu ukaribu uliohatarisha ulikuwa wa chakula, na dawa yake ikawa kuwatenganisha. Kwa gorila, kutenganisha kabisa kungekata fedha na ulinzi unaomweka hai. Kwake suluhisho ni lazima liwe la kipimo.

Janga la mwaka 2020 lilionyesha pande zote mbili za suala hili. Mwezi Machi utalii wa gorila ulisimamishwa ili wasiambukizwe. Wageni walipotoweka, kipato cha waongozaji, wapagazi, wapishi na wachuuzi kilitoweka pia, na baadhi ya watu waliingia msituni kutafuta nyama. Mwezi Juni, mgongo-fedha aliyeongoza kundi la Nkuringo, lenye gorila 17, alikutwa amekufa kwa jeraha la silaha yenye ncha kali. Jina lake lilikuwa Rafiki. Mkazi mmoja wa eneo hilo alikiri kwamba alikuwa akiwinda wanyama wadogo, na alidai kwamba gorila alimshambulia naye akajihami. Mwezi Julai mahakama ilimhukumu kifungo cha miaka 11. Rafiki alikuwa amezoeshwa kutowaogopa watu. Uzoeshaji uliomfanya aaminike kwa mtalii haukumfundisha kumtofautisha mtalii na mwindaji.

6.0 Gharama na wanaoibeba

Ukaribu una bei, na bei hiyo hailipwi kwa usawa. Kuanzia Julai 2024, mgeni asiye mkazi hulipa dola 800 za Marekani kwa kibali kimoja. Fedha hizo huisaidia Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda kuendesha pia hifadhi nyingine zisizojitosheleza. Jamii jirani hupata asilimia 20 ya ada ya kuingia hifadhini, si ya bei yote ya kibali, pamoja na tozo ya dola 10 kwa kila kibali cha gorila. Fedha hizo zimejenga madarasa, barabara na zahanati, na zimenunua mbuzi kwa baadhi ya kaya. Lakini mkulima ambaye migomba yake imebomolewa na gorila waliofuata utomvu wa shina huhesabu hasara yake kwa kaya, ilhali faida huhesabiwa kwa wilaya. Wajitolea wa vijiji, wanaojulikana kwa jina la HUGO, huwarudisha gorila msituni kwa utulivu. Huko Nkuringo ardhi ilinunuliwa kuwa ukanda wa kutenganisha msitu na mashamba. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019 iliweka utaratibu wa fidia kwa madhara ya wanyama. Utaratibu huo ukitekelezwa polepole, mkulima hubaki na ankara isiyolipwa.

Waliolipa zaidi ni Watwa, ambao nchini Uganda hujulikana kama Batwa. Waliishi kwa kutegemea msitu huo vizazi na vizazi, na gorila hakuwa windo lao la kawaida. Hifadhi zilipotangazwa mwaka 1991 waliondolewa bila ardhi mbadala wala fidia ya maana, kwa kuwa sheria ilimtambua mwenye shamba na si mwenye msitu. Walibaki vibarua katika mashamba ya wengine. Mwezi Agosti 2021, Mahakama ya Katiba mjini Kampala iliamua kwa upande wao, ikatambua kwamba kuondolewa huko kuliwaacha pembezoni mwa jamii, na ikaelekeza Mahakama Kuu iamue hatua za kurekebisha hali hiyo. Uamuzi huo unagusa kiini cha hoja yetu. Sera iliyomsogeza mtalii karibu na gorila ilianza kwa kumsogeza mbali binadamu aliyemjua gorila kuliko wote.

7.0 Hitimisho

Neno hifadhi katika Kiswahili hubeba maana ya kuweka mahali salama, kama mtu afungavyo kitu sandukuni. Uzoefu wa Bwindi na Mgahinga unaonyesha kwamba maana hiyo haitoshi. Gorila wa milimani hakuwekwa sandukuni. Aliokolewa na watu waliomwendea kila siku, waliomtibu, waliomtazama kwa kulipia, na majirani waliokubali, kwa hiari au kwa shingo upande, kumpisha. Kila moja ya njia hizo ni ukaribu, na kila moja hugeuka hatari kipimo chake kinapopotea.

Yafuatayo yanapendekezwa. Kwanza, kanuni ya mita 10 na barakoa ichukuliwe kuwa kinga ya afya, na mwongozaji anayemrudisha nyuma mgeni alindwe hata kama mgeni atalalamika. Pili, uamuzi wa kuongeza makundi ya kuzoeshwa uzingatie hatari pamoja na mapato. Tatu, fidia kwa wakulima iwafikie kabla ya msimu mwingine wa kupanda, na Watwa wapewe ardhi na nafasi katika usimamizi wa msitu, si nafasi ya kuchezea watalii ngoma pekee. Nne, kwa kuwa gorila wa Virunga huvuka mipaka ya nchi tatu ambazo zote ni wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, wataalamu wa Kiswahili washirikiane na askari wa hifadhi, madaktari na wanajamii kusanifu istilahi moja ya uhifadhi. Maelezo ya kinga, ya fidia na ya haki yanayosomeka kwa Kiingereza na Kifaransa tu hayawafikii wale ambao uamuzi wao wa kila siku, wa kutega waya au kutoutega, ndio unaoamua kama idadi ya 1,063 itapanda au itashuka.